UZI: Wazee wetu wa Ujiji waliotangulia mwaka huu. Daftari la rambirambi lina majina na shilingi, maisha yao tuyaandike hapa

Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu hapa Ujiji, Kigoma, upande wa kushukia Ziwa Tanganyika. Kazi ya katibu mnaijua. Msiba ukitangazwa msikitini nabeba daftari na kalamu, naketi kwenye mkeka karibu na mlango, naandika. Fulani elfu mbili. Fulani elfu tano. Fulani mchele kilo tatu na mafuta lita moja. Jioni tunajumlisha mbele ya wazee, fedha anakabidhiwa mfiwa, daftari linafungwa.

Tangu Idi nimefungua ukurasa mpya mara tano. Kwa mtaa mdogo kama wetu, ambao mtoto akipigwa nyumba ya mwanzo wa mwisho anasikia, watano ni wengi mno. Juzi usiku umeme ulipokatika nikawa nalipitia lile daftari kwa tochi ya simu, nikitafuta kurasa zao. Nikakuta waliotoa na walichotoa, bei ya sanda, bei ya mbao, nauli ya gari. Kumhusu marehemu mwenyewe: jina na tarehe ya maziko. Basi. Mtu kaishi miaka themanini kaachiwa mstari mmoja, na chini yake kurasa tatu za shilingi zetu sisi.

Iliniuma sana, usingizi ukakata. Ndiyo asili ya uzi huu.

Majina sitayaweka. Baadhi ya familia arobaini haijafika na sijawaomba ruhusa wote. Wa mtaani mtawatambua kwa kazi zao, wa mbali mtawafahamu kwa utu wao. Ninayoyajua nayaweka, mwenye zaidi aongeze, na nikikosea nisahihisheni bila haya.

Naanza na fundi wa mitumbwi, kwa kuwa huyu nimekua miguuni pake.

Karakana yake ilikuwa kivuli cha mwembe tu, hatua chache kutoka majini. Ziwa lilipopanda miaka hii ya karibuni alirudi nyuma mara mbili. Kisiki alichokuwa akikalia kikabaki kinachungulia kichwa, watoto wakawa wanakipandia na kuruka. Tulipompa pole alisema ziwa limekuja kuchukua kiti chake, na yeye amelikalia muda mrefu vya kutosha, wacha lipumzike.

Kwa aliye mbali na ziwa nieleze kidogo. Vyombo vya mbao vya huku, kuanzia mitumbwi ya wavuvi hadi yale maboti ya abiria yanayoondokea Kibirizi, vinaungwa ubao kwa ubao, na kati ya ubao na ubao unabaki mwanya. Mwanya huo ndio unaoua watu. Kuuziba ndiko kupiga kalafati. Mzee alikuwa anachambua pamba kwa vidole, anaichovya kwenye mawese, anaisokota juu ya paja hadi iwe nyembamba kama utambi wa kibatari, kisha anaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Na ile nyundo ilikuwa inaongea. Mwanzo inasema pwa, pwa. Pamba ikishiba sauti inageuka, inakuwa ko. Akisikia ko, anasogeza patasi upana wa kidole kimoja.

Nilikuwa na miaka kama tisa nilipomuuliza anajuaje kwamba pametosha. Hakunijibu. Alinishika kichwa, akanilaza sikio kwenye ubao kwa upande wa ndani, akazunguka nje akaendelea kupiga. Ilikuwa kama kuna mtu anagonga ndani ya fuvu langu. Ilipofika ko nikashtuka, nikanyanyua mkono kabla hajaniuliza. Mpaka leo nikipita mwaloni nikasikia fundi anapiga, najua kama amefika au bado.

Alizaliwa upande wa pili, Kongo, akavushwa na mama yake akiwa mgongoni. Kibembe kwa wazee wenzake, Kiha kwa kina mama wa ndizi wanaoshuka kutoka vijijini, Kiswahili kwetu. Na ukitaka akae nawe mpaka magharibi, mtajie Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu. Alikuwa anaisimulia kifundi. Kwamba Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifumua vipande, wakaipakia kwenye masanduku, ikavuka bahari, ikaja kwa reli hadi hapa Kigoma, mwisho wa reli, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe isije ikatekwa. Akifika hapo alikuwa anaweka nyundo chini. "Lakini kabla ya kuizamisha, mashine zote walizipaka grisi." Hapo ndipo kisa kilipokuwa, kwake yeye. Mtu anazamisha chombo huku anakitunza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Yeye aliwapenda wale mafundi wa grisi, watu ambao hakuwahi kuwaona, kuliko manahodha wote waliokuja baadaye.

Serikali ilipofunga uvuvi ziwa zima kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, mtaa ulikuwa na njaa, hilo sitalificha. Ila ufukwe ulijaa vyombo vimepinduliwa matumbo juu, na mzee akafanya kazi kuliko kijana. Wengi hawakuwa na cha kumlipa. Aliwaambia watamlipa ziwa likifunguliwa. Nimeona daftari lake baada ya maziko, lile la bei ya shilingi mia tano la shule. Waliolipa wamekatwa mstari. Wasiolipa wameandikwa majina na mbele yake neno "salama".

Nitaendelea baada ya magharibi.

Mdau, Gungu

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mkuu, huyo fundi ndiye aliyemuundia marehemu baba boti. Naomba niongeze jambo. Malipo ya mwisho alikuwa hapokei mpaka chombo kilale majini usiku mmoja. Asubuhi anakuja na kopo la rangi, anachota maji yaliyoingia. Yakizidi kopo moja, chombo kinarudi nchi kavu na pamba ni juu yake. Ya kwetu yalikuwa nusu kopo. Baba aliliweka hilo kopo ndani miaka yote.

Mleta uzi

La kopo sikuwa nalijua, na nilidhani najua yote ya yule mzee. Nimeshalinukuu. Ahsante sana ndugu yangu.

Mdau, Mwanga

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Nilipelekwa kwake kujifunza kazi nikiwa na miaka 14. Alinifukuza mwezi wa pili kwa sababu nilipitisha ubao wenye ufa nikaujaza lami. Aliniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mwuaji. Nililia hadi nyumbani. Siwezi kusema alikuwa mpole, hakuwa mpole. Leo naendesha useremala wangu na sijawahi kuuza kiti chenye ufa, lakini lile neno bado linauma.

Mleta uzi

Kaka, libaki hivyo hivyo. Tumefundishwa kutaja mema ya maiti wetu, nami nimelisoma lako mara mbili nikaona liko humo humo. Alikuwa mkali. Nami aliniita hivyo mwaka nilioacha msumari ndani ya boti.

Niendelee.

Wa pili ni mzee wa reli. Huyu aliingia kazini kijana kabisa, tangu enzi za reli moja ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977. Alistaafu akabaki na saa. Stesheni yetu ile ya Kijerumani, ambayo reli iliifikia mwaka 1914, alikuwa anaijua kama chumba chake cha kulala. Treni ikipiga honi kule Luiche anatoa saa mfukoni, anaitazama, anairudisha, hasemi kitu. Watoto tuliijua treni imechelewa kwa uso wake. Wajukuu wa mtaa walijifunza namba kwa ratiba za zamani alizozibandika ukutani, Tabora, Kaliua, Uvinza, saa na dakika. Zaidi ya hapo sina mengi, alikuwa msiri. Mwenye nayo ayalete.

Wa tatu ni kijana. Alikuwa mvuvi wa dagaa, mtu wa siku za giza, usiku usio na mwezi. Alitoka na wenzake kipindi cha kusi, upepo ukawageuzia chombo, wenzake waliokoka. Alipatikana siku ya tatu. Alikuwa na kawaida ya kumwachia sahani ya dagaa mlangoni kila mzee anayeishi peke yake, alfajiri, bila kubisha hodi. Tulijua ni yeye baada ya kufa, sahani zilipokoma. Naandika machache kwa sababu mama yake anasoma humu. Mama, tupo.

Mdau aliyeko Dar

Wakuu, wa nne nadhani ni bibi wa mawese. Kama ndiye, naomba nafasi, kwani nilipanga kwake miaka minne nikisoma sekondari na kodi ya mwisho hadi leo sijailipa kwa kuwa aliikataa.

Alikuwa na michikichi kumi na kitu bondeni, ile ya kienyeji yenye kokwa nene na nyama kidogo. Vijana wakimletea ngazi, yaani mikungu ya chikichi, anazikatakata, anazifunika kwa magunia siku chache mpaka chikichi ziachie zenyewe, halafu zinachemshwa pipani usiku kucha. Kulipopambazuka ni kinu. Tulitwanga kwa zamu. Mafuta yakishakamuliwa yanarudi jikoni kuchemshwa tena, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kusogea isipokuwa yeye. Anakaa kwenye kigoda, amefumba macho. Maji yakiwa bado ndani ya mafuta, sufuria inatatarika kama mvua ya bati. Inapungua, inapungua, ikinyamaza kabisa anasema "tayari" na kuvuta kuni. Hakuwahi kuunguza, na mawese yake yalikuwa yanakaa mwaka bila kuchacha. Nimeona watu sokoni Mwanga wakiuliza "ya bibi yapo?" kabla hata ya kusalimia.

Hakuna kilichotupwa. Kokwa zilianikwa, zikapasuliwa kwa jiwe, mise, kile kiini cha ndani, ikapimwa kwa kopo na kuuzwa. Mafuta ya chini yenye uchafu akapikia gwanji, sabuni yetu ya kienyeji. Sare zangu za shule zimefuliwa kwa gwanji ya mkono wake. Watoto wanne kawasomesha kwa mti ule.

Kipindi kile cha 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana kijijini Kagunga, mpakani, na Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, walikuwa wanapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kinatisha, watu wanaogopa kusogea. Bibi aliamka saa tisa usiku, akapika uji ndoo mbili, akaniamsha tubebe. Getini tukazuiwa. Akakaa chini, pembeni ya ndoo zake, mpaka jua likatoka na wakaja watu wenye mamlaka wakamsikiliza. Kuanzia siku hiyo alikuwa anapita. Hakuwahi kulizungumza tena. Nilipomuuliza kwa nini hakukata tamaa pale getini, alisema uji ulikuwa bado wa moto.

Mleta uzi

Ndiye. Allah amrehemu. Kwenye daftari langu ana mstari mmoja kama wenzake.

Wakuu niseme jambo ambalo limenikaa. Alipofariki Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, 1 Oktoba 2025, dunia nzima iliandika, na alistahili. Pale Gombe alishushwa kwa boti kutoka hapa Kigoma tarehe 14 Julai 1960, yeye, mama yake na mpishi wao, na kazi aliyoifanya na sokwe imelitangaza jina la ziwa letu mahali ambapo sisi tusingefika. Nilisoma kila nilichokipata, kila makala. Zilieleza alivyokaa, alivyoshika daftari lake, alivyosubiri miezi sokwe wamzoee. Ndipo nikamkumbuka fundi aliyekuwa anasikiliza ubao, na bibi aliyekuwa anasikiliza sufuria. Nao walikaa miaka wakisikiliza. Tofauti ni kwamba hapakuwa na mtu pembeni mwenye kalamu. Mimi nilikuwa pembeni, na kalamu nilikuwa nayo, nikiandika elfu mbili elfu tano.

Wa tano ni mwosha wetu, bibi aliyekuwa akiwaosha marehemu wanawake wa mtaa. Mimi mwanaume, siwezi kumweleza. Nimemwomba dada mmoja aliyefundishwa naye aandike.

Dada wa mtaani

Assalaam aleykum. Sijazoea kuandika marefu, nitajaribu.

Bibi alianza kuosha akiwa msichana, alifundishwa na shangazi yake. Mimi alinichukua mwaka niliofiwa na mama. Aliniambia, "Njoo umwoshe mama yako, usimwachie mgeni." Niliogopa nikakataa. Hakunilazimisha. Alinipa kazi ya kupasha maji tu. Nikamletea ndoo, akakunja mkono wa kanzu, akajimwagia kidogo hapa ndani ya kifundo cha mkono, pale tunapopimia maziwa ya mtoto. Akasema bado, ongeza baridi. Nikamwambia bibi, mbona hasikii. Akaniambia, "Wewe unasikia." Nikaongeza baridi. Baada ya hapo niliingia ndani mwenyewe.

Alitufundisha yote. Maji ya majani ya mkunazi kwanza, kafuri mwisho. Kuanza kuliani. Sanda ya mwanamke vipande vitano, ya mwanaume vitatu. Lakini hayo yako kwenye vitabu. Yasiyo kwenye vitabu ni haya: alikuwa anamwambia marehemu kila anachotaka kufanya. "Sasa nakunyanyua mkono, mama. Sasa nakugeuza, mwanangu, pole." Na ulichokiona mwilini mwa mtu, kovu au alama ya kipigo, hukitoi nje ya lile pazia maisha yako yote. Kuna siku aliosha binti ambaye sote tulijua ameteswa. Bibi alitoka, akaenda moja kwa moja kwa mume, akasimama mbele yake, akamtazama muda mrefu bila neno, akaondoka. Yule bwana alihama mtaa.

Hakupokea malipo. Ukimpa kanga anachukua, kesho unaiona imefunikwa kwenye jeneza la mtu asiye na ndugu.

Siku zake za mwisho alilazwa. Wakati wa kujaza fomu, palipoulizwa kazi ya mgonjwa, aliyekuwa akijaza akamtazama akaandika "hana". Nilikuwepo. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa tunahangaikia dawa, na kunyamaza huko kunanitafuna.

Alipofariki tuliingia wanne kumwosha. Nilijipimia maji kifundoni. Sote wanne tukajipimia, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyemwamini mwenzake.

Mdau, Katonga

Dada umeandika mpaka nimezima simu nikakaa. Pole sana.

Nikumbushe la makaratasi, naona vifo vingi vya nyumbani humu. Kifo kinatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 30. Kikitokea nyumbani anzeni kwa mtendaji, kisha ofisi ya msajili wa vizazi na vifo wilayani. Bila cheti cha kifo, mirathi Mahakama ya Mwanzo haisogei, na watoto wa bibi wa mawese wana shamba pale. Na mkijaza, palipo na kazi muwasimamie waandike kazi.

Mleta uzi

Shukrani mkuu, kesho nampitia mwanawe mkubwa nimpeleke mwenyewe.

Nawapa mrejesho wa leo. Tumetoka kwenye hitima ya bibi mwosha. Nimenunua daftari jipya, kubwa, lenye jalada gumu. Kurasa mbili za mwanzo za kila msiba naziacha wazi kabla ya fedha. Familia zitasema, nitaandika wanavyosema wao. Mzee mmoja aliniuliza kama chama kina mamlaka ya kufanya hivyo, nikamjibu kwamba karatasi nimenunua kwa fedha yangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nimwandikie na kaka yake aliyekufa mwaka juzi.

Ukurasa wa bibi nimeuanza hapo hapo mkekani. Jina, alikozaliwa, waliomlea. Palipo na kazi nimeandika kwa wino mweusi: mwosha. Binti yake akanigusa bega akaniomba niandike na idadi ya aliowaosha. Nikamuuliza nani anajua. Akaenda ndani kuwauliza wale wanne.

Wamekaa uani sasa hivi, karai la vyombo halijaoshwa, wanahesabu kwa majina nyumba hadi nyumba kuanzia ya kwanza kule juu. Wamefika sabini na mbili na hawajavuka msikiti. Nimewasha tochi ya simu, nasubiri.